AFYA YA JAMAA: Kabla Hamjanunua Kiti cha Magurudumu Chenye Kuinua Miguu



Mwezi huu najibu barua ya akina mama wa usharika mmoja. Wanaeleza kwamba mwenzao, mama wa miaka 58, amekatwa mguu wa kulia chini ya goti kwa sababu ya kidonda cha kisukari. Sasa ameruhusiwa kurudi nyumbani, nao wamechangishana hadi zikapatikana fedha za kumnunulia kiti cha magurudumu. Walipofika dukani walionyeshwa viti vya aina mbili. Cha kwanza ni cha kawaida, ambacho miguu inashuka chini na kukaa juu ya vikanyagio. Cha pili kina viegemeo vya miguu vinavyoinuka, hivi kwamba mgonjwa anaweza kuunyoosha mguu mbele yake. Hicho cha pili ni ghali zaidi. Muuzaji amewaambia kwamba ndicho kinachomfaa kila mgonjwa kwa kuwa kinaondoa uvimbe wa miguu. Wanauliza: Je, waongeze mchango wanunue cha pili, au cha kwanza kinatosha?

Nawapongeza dada zangu kwa kuuliza kabla ya kutoa fedha. Viti vingi vilivyonunuliwa kwa upendo sasa vinakaa uani vikianikiwa nguo, kwa sababu havikumfaa aliyepewa. Na si hasara ya fedha tu. Kiti kisichomfaa mtu kinaweza kumletea kidonda makalioni, na kwa mwenye kisukari kidonda kama hicho ni hatari ya maisha.

Kiti hiki kikoje?

Kila upande wa mbele wa kiti kuna kiegemeo chenye bawaba karibu na goti. Nyuma ya shavu la mguu kuna kipande chenye sponji, na chini kuna kikanyagio. Ukivuta au kuachia komeo la pembeni, kiegemeo kinapanda hatua kwa hatua hadi mguu unakaribia kunyooka. Viegemeo vya kulia na kushoto hupanda kila kimoja peke yake, na katika viti vingi unaweza kuvizungusha pembeni au kuvitoa kabisa.

Faida yake ni hiyo ya kulishikilia goti likiwa limenyooka. Lakini ina gharama zake. Kiti kinakuwa kizito zaidi kukisukuma na kukipakia kwenye gari. Mguu ukiinuliwa, kiti kinakuwa kirefu mbele na kinahitaji nafasi kubwa ya kugeuka. Kadhalika, kina bawaba na makomeo mengi ya kuharibika kuliko kikanyagio cha kawaida.

Nani anakihitaji?

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: Je, goti la mgonjwa linakunjika? Kama halikunjiki au halitakiwi kukunjwa, kiegemeo kinachoinuka ni cha lazima. Hapa wamo watu kama hawa:

1. Aliyevunjika mguu akafungwa plasta ngumu, ambayo wengi tunaiita hogo, kutoka pajani hadi kwenye nyayo.

2. Aliyefanyiwa upasuaji wa goti, akaagizwa na daktari asilikunje kwa muda.

3. Mwenye goti lililokakamaa likiwa limenyooka, kwa sababu ya ugonjwa wa viungo au ajali ya zamani.

4. Aliyekatwa mguu chini ya goti, ambaye anatakiwa kukaa goti likiwa limenyooka. Huyu nitamrudia, maana ndiye mama yetu.

Zingatieni kwamba wengi wa hao wana shida ya mguu mmoja tu. Basi si lazima kununua viegemeo viwili vinavyoinuka. Mwulizeni muuzaji kama anaweza kuwapa kimoja kinachoinuka na kimoja cha kawaida. Na aliyevunjika mguu atahitaji kiti kwa wiki au miezi michache tu, hivyo ni afadhali kuazima kuliko kununua.

Nani hakimfai?

Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, mara nyingi hakimfai. Mtu wa namna hii akipata nafuu anaweza kujiendesha kwa mkono mzima na mguu mzima, akiukanyaga mguu huo sakafuni na kujivuta. Anachohitaji ni kiti kifupi kwenda juu, ambacho kisigino chake kinafika chini, na kikanyagio cha upande mzima kiondolewe. Tukimpandisha miguu yote miwili juu, tumemnyima mguu uliobaki na kumfanya abebwe siku zote.

Vile vile kuna wagonjwa ambao misuli ya nyuma ya mapaja imekaza kwa kukaa muda mrefu. Jaribuni ninyi wenyewe: keti wima kwenye kiti, kisha nyoosha mguu mmoja mbele mpaka ulingane na paja. Utasikia nyuma ya paja panavuta, na mgongo unataka kujikunja. Kwa mgonjwa ambaye misuli yake imekaza zaidi, mvuto huo unazungusha nyonga na kumtelezesha mbele. Anaacha kukalia makalio na kukalia mfupa wa mkiani. Ngozi ya pale ni nyembamba, na kuteleza kunaisugua na kuivuta. Kidonda kinaanza bila mtu kujua. Ukiona mgonjwa wako anateleza kila baada ya muda mfupi, usimfunge kanga kiunoni ili asianguke. Shusha kwanza viegemeo, umkalishe nyuma kabisa, kisha uangalie kama anatulia.

Je, kinaondoa uvimbe?

Hapa ndipo wengi tunapopotoka. Ili maji yaliyojaa mguuni yarudi juu, mguu unatakiwa kuwa juu kuliko moyo. Mtu aliyeketi, hata ukimnyooshea mguu ukawa sawa na kiti, moyo wake bado uko juu ya mguu. Kwa hiyo kiegemeo kinasaidia kidogo tu. Msaada wa kweli ni kumlaza kitandani mara kadhaa kwa siku na kumwekea mito chini ya miguu. Anapokuwa kwenye kiti, achezeshe vifundo vya miguu, vidole juu, vidole chini, kwa kuwa misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu kurudi.

Lakini kabla ya yote, tujue uvimbe umetoka wapi. Miguu yote miwili ikivimba, huenda ni moyo, figo au ini. Mgonjwa wa moyo akilazwa chali pumzi zinaweza kumbana, hivyo usimlaze bila ushauri wa daktari. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na maumivu na joto, yawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Huo usiusugue wala kuukanda kwa maji ya moto; mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Tena wapo wenye mishipa iliyoziba, hasa wazee, wavutaji sigara na wenye kisukari, ambao mguu ni wa baridi na unauma usiku mpaka waushushe chini ya kitanda. Hao ukiwainulia mguu unawaongezea maumivu na kupunguza damu inayofika vidoleni.

Kwa hiyo akina mama, msinunue dawa ya uvimbe kwa muuza viti. Uvimbe ni kazi ya daktari.

Sasa, mama yetu aliyekatwa mguu

Aliyekatwa chini ya goti bado ana goti lake, na goti hilo ni hazina. Kwalo ataweza kutembea vizuri kwa mguu bandia. Lakini akikaa kutwa goti likiwa limekunjwa, na usiku akilala na mto chini ya goti kwa kuwa anasikia nafuu, misuli ya nyuma inafupika na goti halinyooki tena. Hapo mafundi wa viungo bandia watashindwa kumtengenezea mguu wa kutembelea vizuri. Hili ndilo jambo kubwa la kuzuia katika miezi hii ya kwanza.

Kwa hiyo anahitaji kitu cha kushikilia kigutu kikiwa kimenyooka mbele. Je, ni kile kiti cha ghali? Si lazima. Mara nyingi kigutu ni kifupi na hakifikii kile kipande cha sponji, ambacho kimewekwa kwa ajili ya shavu la mguu mzima. Mtakuwa mmelipa zaidi, na kigutu bado kinaning'inia. Kinachofaa zaidi ni ubao wa kuegemeza kigutu. Seremala wa mtaani anaweza kuutengeneza. Ni ubao imara unaoingia chini ya mto wa kukalia, upande wa mguu uliokatwa, na kutokeza mbele ya kiti hadi kupita kidogo mwisho wa kigutu. Sehemu inayotokeza iwekewe sponji na kushonewa kitambaa kinachofulika. Pembe zote ziviringwe na kupigwa msasa. Ubao ufungwe kwa mikanda usiteleze, na mto ulingane pande zote mbili ili mama asiketi upande. Fiziotherapia auone kabla ya kuanza kuutumia.

Jibu langu basi ni hili: Chagueni kiti cha kawaida kinachomtosha mwili, wekeni ubao wa kigutu, na fedha inayobaki nunueni mto mzuri wa kukalia. Kama daktari au fiziotherapia aliyempima ameagiza kiegemeo kinachoinuka kwa sababu maalumu, fuateni agizo lake.

Tusiusahau mguu wa kushoto uliobaki. Mwenye kisukari huenda hasikii maumivu nyayoni. Avae kiatu kinachofunika vidole kila anapoketi kitini, kwa kuwa vidole hugonga milango. Kikanyagio cha chuma kikiachwa juani kinaunguza, naye hatajua. Kila jioni mtu amwangalie kisigino, vifundo na katikati ya vidole.

Kumpima mgonjwa

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya utoaji wa viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo. Mwongozo huo unasisitiza kwamba mtu apimwe kwanza, achaguliwe kiti, akifanyie majaribio, afundishwe kukitumia, na baadaye afuatiliwe. Hata pale mnaponunua wenyewe, chukueni utepe wa fundi cherehani mpime haya, mgonjwa akiwa ameketi wima kwenye kiti kigumu:

*Upana wa nyonga.* Upana wa kiti ulingane na nyonga, au uzidi kidogo sana. Viti vingi vinavyouzwa vina upana wa sentimeta 46 hivi, ambao ni mkubwa mno kwa mama mwembamba. Atainama upande mmoja, na magurudumu yatakuwa mbali na mikono yake.

*Urefu wa paja,* kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti. Toa sentimeta 3 hadi 6, kinachobaki ndicho kina cha kiti. Kiti kirefu kitamkata nyuma ya goti na kumvuta ateleze.

*Urefu wa mguu,* kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa amevaa kiatu. Kikanyagio kikiwa juu mno, magoti yanapanda na uzito wote unaangukia makalio. Kikiwa chini mno, miguu inaning'inia na kikanyagio kinagonga mawe.

Mkiagizwa kiti chenye kuinua miguu

Nendeni na mgonjwa mwenyewe dukani ikiwezekana. Aketi, kisha mfanye haya:

Inueni kiegemeo polepole huku mkitazama goti na nyonga. Katika viti vya bei nafuu bawaba haikai sawa na goti lenyewe, bali mbele au chini yake. Kwa sababu hiyo mguu ukinyooka, kikanyagio kinausukuma unyayo na kulipandisha goti. Viko viegemeo vinavyorefuka kadiri vinavyoinuka. Hivyo ni bora. Kama si vya namna hiyo, kikanyagio kirekebishwe mguu ukiwa katika hali utakayokaa zaidi.

Angalieni kile kipande cha sponji kinashika wapi. Kishike kwenye nyama ya shavu la mguu. Kisibane nyuma ya goti, wala upande wa nje chini kidogo ya goti, ambapo mshipa wa fahamu unapita karibu na ngozi. Ukibanwa hapo, mgonjwa anaweza kushindwa kuinua unyayo. Kisigino nacho kisibebe uzito wa mguu wote.

Jaribuni komeo mara kadhaa. Egemeza mkono kwa nguvu juu ya kiegemeo kilichoinuliwa. Kama kinashuka chenyewe, acheni kiti hicho. Vutani breki zote mbili na mkisukume kiti, magurudumu yasizunguke. Toeni viegemeo na kuvirudisha. Kama kijana mwenye nguvu anapata taabu, mama mzee atavishindwa.

Mwisho, ulizeni vipuri. Je, tairi na beringi zake ni za vipimo ambavyo fundi baiskeli wa kwenu anavipata?

Mkifika nyumbani

Kabla ya kununua, pimeni milango, hasa wa choo na wa chumba cha kulala. Kiti chenye upana wa kukalia sentimeta 46 kwa nje hufika kama sentimeta 65, kwa kuwa magurudumu yako pembeni. Milango mingi ya vyoo vyetu haipitishi. Kumbukeni pia kwamba mguu ukinyooshwa ndio unaotangulia kwenye kona, na ndio unaogonga ukuta. Anayesukuma aushushe kama inaruhusiwa, au apunguze mwendo.

Wakati wa kumhamisha mgonjwa, fuateni utaratibu huu kila siku bila kuruka: vuta breki, shusha kiegemeo, kizungushe pembeni au kitoe, ndipo asimame. Kamwe asisimame juu ya kikanyagio. Kiti kitapinduka mbele pamoja naye.

Aliyekatwa mguu awe mwangalifu na mlima, maana uzito wa mbele umepungua na kiti ni rahisi kuangukia nyuma. Kwa aliyekatwa miguu yote miwili hatari ni kubwa zaidi; huyo anahitaji kiti ambacho magurudumu makubwa yamesogezwa nyuma.

Na kwa kila anayeketi kutwa: ajiinue kwa mikono au ainame mbele na pembeni, angalau kila nusu saa, ili damu ipite makalioni. Asiyeweza, asaidiwe. Jioni tazameni ngozi. Mkiona alama nyekundu au nyeusi isiyoondoka, asiketi juu ya sehemu hiyo mpaka muuguzi aione.

Mahali pa kupata ushauri

Anzeni na idara ya fiziotherapia ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kwa Dar es Salaam ipo taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, na hospitali ya CCBRT. Moshi kuna KCMC, na katika eneo hilo hilo kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia. Wasomaji wetu wa Kenya wanaweza kwenda APDK, ambao hutengeneza viti vya magurudumu humo humo nchini.

Nina ombi moja kwa vikundi vya akina mama. Mbali na kumnunulia mtu mmoja kiti chake, usharika unaweza kuwa na kiti kimoja cha kuazimisha, chenye viegemeo vinavyotolewa: jozi ya kawaida na jozi inayoinuka. Leo kitamsaidia kijana aliyevunjika mguu kwa pikipiki, mwezi ujao mama aliyepasuliwa goti. Awepo mtu mmoja wa kukitunza, daftari la kuandika aliyekichukua, spana, pampu na mafuta ya kulainisha. Kirudipo kifutwe kwa sabuni, na nati zikazwe.

Tunasoma katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 9, jinsi Mfalme Daudi alivyomtendea Mefiboshethi, aliyelemaa miguu yote miwili. Alimrudishia mashamba ya babu yake. Lakini Daudi hakuishia hapo, kwa maana shamba lisilo na mlimaji lingemsaidia nini? Akamwagiza Siba na wanawe na watumishi wake walilime. Kisha akampa nafasi ya kula mezani pa mfalme siku zote. Ni zawadi iliyofikiriwa mpaka mwisho: kitu chenyewe, namna ya kukitumia, na nafasi kati ya watu.

Basi dada zangu, mkimpelekea mama yetu kiti, pelekeni na ubao wake, na mto wake, na mtu wa kumfundisha. Na Jumapili apatikane wa kumsukuma hadi kanisani, na wa kuweka mbao mlangoni ili apite. Amekosa ibada kwa muda mrefu.

Mwezi ujao, Bwana akitujalia, tutajifunza jinsi ya kutunza miguu ya mwenye kisukari kabla haijafika mahali pa kukatwa. Endeleeni kutuandikia.

Wenu katika Kristo,
Muuguzi wenu